Nilimwambia mama mzazi apuuze kilio cha bintiye, na chati yangu ikaonyesha nimefaulu

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu nikiwa Kitale. Mvua imetukalia tangu saa nane, dukani hakuna mteja, kwa hivyo nina muda wa kuandika kitu ambacho nimekizunguka miaka mingi.

Hii ni habari yangu mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile yalivyokuwa. Anayetaka kuiita chai, yaani hadithi ya kutunga, aite, mimi nitaandika tu.

Sababu ya kuandika leo ni uzi wa ndugu mmoja niliousoma hapa jana. Dadake haongei, na sasa ameanza kujigonga kichwa ukutani. Nikasoma comments. Karibu zote zilisema kitu kimoja, ati huyo anataka attention, mpuuzeni ataacha.

Wakuu, hayo maneno yaliwahi kuwa kazi yangu.

Ngoja nianze mwanzo.

Ilikuwa 2006. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, msichana wa Kitale mjini, nimezaliwa na kulelewa nyuma ya msikiti, baba yangu fundi cherehani. Nilikuwa nimemaliza diploma na nimekaa nyumbani karibu mwaka mzima nikimsaidia baba kushona vifungo.

Kituo kimoja kidogo cha kusaidia watu wenye ulemavu wa akili kikawa kinatafuta vijana wa kufunzwa kazi mpya. Nikaomba, nikapata.

Kazi yenyewe kwa Kiingereza ni behavior analyst. Kwa Kiswahili hata sisi hatukujua tuiiteje. Kadi yangu iliandikwa "Afisa wa Tabia", na marafiki zangu walinicheka wiki nzima, ati nimekuwa polisi wa adabu.

Kwa wale hawaijui, iko hivi. Kuna mtu ana tabia inayomuumiza yeye au wengine. Anajing'ata, anapasua nguo, anarusha vitu. Wewe unakaa pale, unaangalia, unaandika. Fomu ina safu tatu: nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata. Ukijaza za kutosha unaanza kuona hiyo tabia inampatia nini. Halafu unabadilisha kile kinachofuata, na tabia inabadilika.

Na msinielewe vibaya, ni kazi nzuri. Kule Lwakhakha kulikuwa na mzee mmoja aliyefungwa kamba na jamaa zake kwa sababu anarushia watu mawe. Mwenzangu alikaa pale siku nne na fomu zake, akagundua mzee anarusha mawe tu wakati jirani amefungulia redio kwa sauti. Redio ikapunguzwa, mawe yakaisha, mzee akafunguliwa. Mimi mwenyewe nilimwona akitembea sokoni.

Kwa hivyo si kazi iliyokuwa mbaya. Ni mimi.

Training yetu ilikuwa wiki sita. Siku ya pili mkufunzi alitwambia kwamba kabla hujaita kitu tabia, hakikisha kwanza huyo mtu si mgonjwa. Niliandika kwenye daftari. Nikapigia na mstari.

Mtu wa tatu niliyepewa alikuwa Nafula, wa huko Kamukuywa.

Nafula alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hajawahi kusema neno hata moja maishani. Mrefu, ana nguvu, na hapendi viatu. Alikuwa anaishi na mamake, mjane aliyeuza mboga za kienyeji pale sokoni, na kwenye boma hilo hilo aliishi kakake Wanyonyi, mwalimu wa shule ya msingi, na mkewe.

Kazi ya Nafula ilikuwa kuchambua maharagwe. Wakuu, huyo dada hakuna jiwe lililompita. Wanawake wa sokoni walikuwa wanamletea maharagwe yao ayachambue, wanamwachia ndizi. Na alikuwa na kicheko fulani akiona kuku wananyeshewa, anacheka mpaka anakaa chini.

Siku niliyofika hakuwa anacheka.

Alikuwa anajipiga ngumi kwenye taya, upande wa kulia. Sauti yake ni kama mtu anapiga godoro kutoa vumbi. Anajipiga mara tano, sita, halafu anaenda kwa mamake, anachukua mkono wa mamake, anauweka pale shavuni na kuukandamiza kwa mikono yake miwili. Anatulia hivyo dakika kadhaa, macho amefunga.

Mimi nikaandika kwenye safu ya tatu: mama anampa attention.

"Zena," mama akaniambia, mkono wake bado uko pale shavuni, "huyu anaumwa. Huyu iko na kitu ndani."

"Anaumwa wapi, mama?"

"Sasa nitajua aje na yeye hawezi sema? Lakini mimi nasikia mtoto yangu. Ilianza tukimaliza kupanda mahindi."

Nikamuuliza kama alipelekwa hospitali. Akasema walimpeleka kwa zahanati. Alikataa kufungua mdomo, akamuuma mhudumu kidole, wakapewa dawa ya maumivu na kuambiwa huyu ni wa kichwa, mpelekeni Kitale.

Kwenye fomu yangu kulikuwa na swali: Je, ameonwa na mhudumu wa afya? Nikatia tiki kwa Ndiyo.

Tiki hiyo iliniachia nafasi ya kuendelea na kile nilichokitaka, yaani kuonyesha kwamba nimeiva.

Nilienda Kamukuywa kila Jumanne na Ijumaa kwa wiki tatu. Nikahesabu ngumi. Nikachora chati. Chati ikasema wazi kabisa kwamba karibu kila akijipiga, mama anakuja au yeye anaenda kwa mama, anashikwa, anatulia. Kitabu chetu kilikuwa na mfano kama huo huo. Nilifurahi, wakuu. Niliona nimeshika jibu.

Kuna vitu vingine viliandikwa kwenye hizo fomu kwa mkono wangu mwenyewe. Kwamba anajipiga zaidi wakati wa kula. Kwamba ameacha mahindi ya kuchoma na alikuwa anayapenda. Kwamba chai ya moto anaitema. Niliviandika vyote vizuri, na mwandiko safi, halafu nikavisoma kama "anakataa kula ili abembelezwe".

Mpango ukawa huu. Nafula akijipiga, mtu yeyote asimwangalie. Akija kuchukua mkono wa mama, mama auvute na ageuke aendelee na kazi yake. Akikaa bila kujipiga kwa muda fulani, ndiyo apewe njugu na asifiwe. Baba yangu alimshonea kofia nene yenye sponji inayoshuka mpaka kwenye taya, asijiumize.

Tulikaa sebuleni kwa Wanyonyi nikawaelezea. Wanyonyi alikuwa anatingisha kichwa kukubali kila nikisema jambo. Alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nimekaa na yeye miaka ishirini na tisa. Hajawahi kunisumbua bure."

Na mimi nikajibu. Hii sentensi najua nitaibeba mpaka kaburini.

Nikasema, "Mama, mapenzi yako ndiyo yanamharibu."

Nilikuwa sijazaa. Nilikuwa sijamlea hata paka. Nilimwambia hivyo mwanamke wa miaka karibu sitini, ndani ya boma lake.

Aliangalia mikono yake. Wanyonyi akasema, "Mama, huyu amesomea. Wacha tujaribu."

Wakajaribu. Na mama Nafula akikubali jambo analifanya sawasawa.

Wiki ya kwanza mambo yakachacha. Ngumi zikaongezeka mara mbili. Nafula alikuwa anakuja, anachukua mkono, mama anauvuta, anachukua tena, mama anauvuta. Anatoa sauti ambayo siwezi kuieleza hapa. Nilimkuta mama amesimama kwa mlango wa jikoni amempa mgongo, anapepeta mahindi ambayo hayakuwa na makapi.

"Zena, hii ni sawa kweli?" akaniuliza bila kugeuka.

Nikamwambia ni sawa kabisa, kwamba tabia lazima ipande kabla ya kushuka, na hiyo ndiyo dalili kwamba mpango unafanya kazi.

Tulifunzwa hivyo, na mara nyingi ni kweli. Lakini hebu muone hatari yake. Akizidi kulia, mimi niko sawa. Akinyamaza, mimi niko sawa. Hakukuwa na kitu Nafula angefanya ambacho kingeniambia nimekosea.

Wiki ya tatu akanyamaza.

Akawa anakaa chini, uso ameelekeza ukutani, kofia imefungwa. Hajipigi. Haendi kwa mama. Njugu nilizoleta alizishika mkononi bila kula. Alikuwa anakunywa uji uliopoa tu. Maharagwe hayagusi.

Mimi nikahesabu ngumi. Jumanne, mbili. Ijumaa, hakuna.

Ile chati ilishuka kama barabara ya mteremko. Bosi wangu aliiangalia akapiga makofi peke yake ofisini. Akaniambia jiandae, wiki ijayo kuna mkutano Bungoma, utaionyesha.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa moja mjini Bungoma. Walimu, watu wa afya, wachungaji, maafisa wa serikali. Baba alinishonea suti ya rangi ya kahawia. Nilibandika chati ubaoni nikaongea dakika ishirini na sikutetemeka hata kidogo.

Wakati wa maswali, mama mmoja mzee aliyekuwa nesi, amekaa nyuma, akainua mkono. "Binti, hongera. Lakini huyo dada aliangaliwa mdomo?"

Nikasema alionwa na mhudumu wa afya kabla hatujaanza.

"Sijauliza kama alionwa. Nimeuliza kama aliangaliwa mdomo."

Nikajibu kitu kirefu chenye maneno ya Kiingereza. Watu wengine wakacheka, wakamcheka yeye. Akakaa chini. Tukaenda kunywa soda na mandazi, na watu watatu wakaniomba nakala ya chati.

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Ijumaa nikafika Kamukuywa nikiwa na habari njema za kuwapa. Mke wa Wanyonyi alinipokea kwa njia, hakunisalimia. "Njoo uone," akasema.

Nafula alikuwa amelala kwenye mkeka. Walikuwa wamemvua kofia asubuhi hiyo. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umevimba mpaka jicho limefungika, ngozi inang'aa, nyekundu mpaka chini ya shingo. Mwili moto kama sufuria. Na harufu. Kofia ndiyo ilikuwa imeficha yote hayo, na yeye alikuwa hakubali kuvuliwa.

Mama alikuwa amekaa kando yake, umbali wa hatua moja. Hakuwa amemshika. Alinitazama akauliza, "Sasa naweza kumshika?"

Wakuu, aliniomba ruhusa.

Tulimpakia kwenye pickup ya jirani iliyokuwa imebeba kabeji, tukaenda Bungoma hospitalini. Ilibidi alazwe usingizi ndipo mdomo ufunguliwe. Daktari wa meno alitoka baadaye akatueleza polepole, kwa upole kuliko nilivyostahili. Gego moja la chini lilikuwa limeoza mpaka mzizi, muda mrefu. Usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa wa taya na unashuka shingoni. Alitoa meno matatu na kipande cha mfupa. Akasema siku mbili zaidi na angekuwa anatueleza habari nyingine.

Akauliza, "Hakuonyesha dalili yoyote?"

Wanyonyi aliangalia sakafu. Mama aliangalia mlango wa wodi. Hata mmoja wao hakuninyooshea kidole, na ningependa wangeninyooshea.

Ndugu wa ule uzi wa jana, kama umefika hapa, acha kusoma kwanza. Mpeleke dadako aangaliwe meno, masikio, macho, tumbo, kila kitu. Akikataa kufungua mdomo, mwambie daktari hiyo pia ni dalili. Ukimaliza rudi uendelee.

Nafula alikaa wodini karibu mwezi. Alipona. Uso ulibaki umepinda kidogo na mdomo haufunguki wote, lakini alipona. Na tangu jino hilo litoke hajawahi kujipiga tena hata mara moja.

Tabia yote niliyoichora ilikuwa ni jino.

Mtu atasema basi mambo yaliisha vizuri. Hapana.

Nafula aliporudi nyumbani hakumwendea mamake tena. Mama akimkaribia anasogea. Akitaka kumshika mkono anauvuta, vile vile, kwa namna ile ile mama alivyokuwa anauvuta wake. Chakula alipokea kwa mke wa Wanyonyi. Kwa mama, hapana.

Nilienda kila Ijumaa kwa miezi saba kujaribu kurekebisha. Nilimwambia mama akae naye tu, asimguse, achambue maharagwe karibu naye. Akafanya. Kila Ijumaa nilikuta wanawake wawili na nyungo mbili, katikati yao nafasi ya mtu mmoja kukaa. Mwezi wa tano Nafula alichukua jiwe kutoka kwa ungo wa mama akalitupa. Mama alinisimulia hilo jiwe kama mtu anayesimulia harusi. Lakini mkono wake hakuuchukua tena. Mpaka mama anakufa hakuuchukua.

Siku moja nilijikaza nikamwomba msamaha. Tulikuwa nyuma ya jikoni, anachuma kunde. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikayasahau. Nikasema tu, "Mama, ulinieleza nami sikusikia. Nisamehe."

Aliendelea kuchuma.

"Mimi sina hasira na wewe, Zena," akasema. "Wewe hukuwa unamjua. Mimi nilikuwa namjua. Nilijua iko mgonjwa, nikasikia kwa tumbo yangu, na bado nikakuamini wewe kwa sababu uko na karatasi. Hiyo ndiyo inanikula."

Nilitaka anitukane. Badala yake aliuchukua ule mzigo akajitwika mwenyewe.

Nikamwambia halikuwa kosa lake. Akasema, "Sawa, mwanangu," kama unavyomwambia mtoto ili anyamaze, kisha akanipa kunde nipeleke nyumbani.

Sasa nifike mahali ambapo hata mume wangu hajui.

Ripoti ya mwisho ya Nafula niliiandika mimi. Kulikuwa na nafasi ya matokeo. Niliandika: "Tabia ya kujipiga imeisha kabisa." Ni kweli, si ndiyo? Chini nikaweka mstari mmoja, ati katika kipindi hicho mteja alipata pia matibabu ya meno.

Pia. Niliandika pia.

Bosi hakuuliza. Chati yangu ikawekewa fremu. Wageni wakija wanaonyeshwa. Vijana wapya wakafunzwa nayo. Mara mbili nilifika kwa mlango wa bosi nikitaka kusema, na mara mbili nikaingia nikauliza habari ya wino wa printa. Niliogopa kurudi kushona vifungo. Nilifanya kazi pale miaka mitatu zaidi, na kazi nyingine niliifanya vizuri, nashukuru Mungu, lakini ile chati sikuitoa ukutani na sikusema ukweli wake.

Mama Nafula alifariki 2009, presha. Wanyonyi alinipigia simu. Nilienda mazishini nikakaa nyuma kabisa. Nafula alikuwa amekaa karibu na jeneza, hana viatu, hatoi sauti. Watu walikuwa wanasema ati huyu haelewi kitu.

Nilikuwa nimeshaona jinsi watu wanavyosema hivyo juu yake kwa uhakika mkubwa, na mmoja wa hao watu nilikuwa mimi.

Niliacha kazi mwezi uliofuata. Sikutoa sababu.

Nilichojifunza si kwamba wataalamu ni wabaya. Mtafuteni mtaalamu, wapo wazuri sana siku hizi, na wengi wamesoma kuliko mimi. Lakini akija nyumbani kwako na fomu, na wewe unajua kitu kuhusu mtu wako, usikubali kunyamazishwa. Rudia. Mwambie aandike maneno yako vile ulivyoyasema, si vile yeye ameyaelewa. Akikuambia mapenzi yako ndiyo yanaharibu, mwonyeshe mlango.

Na wewe uliye kwenye hii kazi: kama kila kitu mtu anachofanya kinathibitisha kwamba uko sawa, simama hapo hapo. Hauko sawa.

Matusi nitayasoma, sitajibu, mna haki.

Lakini ningeomba kitu kimoja kwa wale mnaoishi na mtu asiyeongea, mtoto, kaka, mzazi mwenye kiharusi, yeyote. Yeye hukuambiaje kwamba anaumwa? Anashika wapi, anakataa nini, anakuangaliaje? Andikeni hapa chini, hata kama ni kitu kidogo mnachoona hakina maana. Wako watu wanaosoma huu uzi ambao Jumatatu wataingia kwa boma la mtu wakiwa na kalamu.